Hajala Bado

Hapo zamani, wala si zamani za kale, maana simu za mkononi zilikuwepo na majengo ya vioo yalishajaa Dar es Salaam, palikuwa na mshonaji jina lake Mwajabu. Alishona mapazia na vitambaa vya meza vya mkahawa mmoja mkubwa, ulioko ghorofa ya kumi na mbili, ambao watu kama sisi huishia kuutazama tukiwa chini. Mwenye mkahawa akaipenda kazi yake, akamwambia, "Jumanne njoo na watu wako watatu mle chakula cha mchana. Ni zawadi."

Mwajabu akamtaja mumewe Shomari, akamtaja wifi yake Riziki, na wa tatu, ambaye kwa kweli ndiye wa kwanza, mama yake mzazi aliyekuwa akikaa Msata.

"Nataka mama afute mdomo kwa kitambaa nilichoshona mimi," akasema.

Alfajiri ya Jumanne hiyo mama akafariki.

Mjomba Kibwana, mdogo wa marehemu, akapanda basi la kwanza kuja kumchukua Mwajabu. Mazishi yalipangwa baada ya alasiri, na kutoka mjini hadi Msata ni mwendo wa saa mbili na nusu. Lakini kwao kuna desturi: mtu hapewi habari ya msiba kabla hajatia kitu tumboni, maana akishasikia hatakula tena. Mjomba akafikia kwa Shomari, Mwajabu akiwa ameshatoka kwenda kushona. Shomari akamwita dada yake Riziki, wakakaa watatu kupatana.

"Si anakwenda kula?" Shomari akasema. "Basi ale kwanza. Akimaliza, Mjomba umwambie, gari litakuwa chini, tunaondoka kabla ya saa nane."

"Na mimi?" Riziki akauliza.

"Wewe shika simu yake. Asije akapigiwa na mtu."

Riziki alikuwa mtu wa swala tano. Moyo ulimwambia hili jambo lina kasoro, lakini akanyamaza, kwa kuwa wakubwa wameshaamua.

Pale mlangoni mwa mkahawa akamwambia Mwajabu, "Wifi, nipe simu yako nikupige picha." Akampiga picha mbili, akaizima sauti, akaitia kwenye pochi.

Mwajabu akatazama huku na huku. "Mama yuko wapi?"

"Kaamka hajisikii," akajibu Mjomba. "Kaniambia nije nikae kiti chake."

Mwajabu akaitazama kanzu ya Mjomba, iliyokuwa na vumbi la safari kwenye pindo. Akakitazama kile kiti. Kisha akasema polepole, "Haya. Karibu, Mjomba. Wifi, hebu nipigie mama nimpe pole."

"Huku juu mtandao haushiki," Riziki akasema. Huo ukawa uongo wake wa kwanza, ukatoka laini kama amezoea.

Wakaketi saa saba na robo. Wakangoja. Saa saba na nusu mhudumu akaleta vikombe vinne vya supu, vidogo kama vya kahawa.

"Hii ni ya kufungulia," akasema mhudumu.

"Kufungulia nini, mama? Hatujafunga," Mjomba akasema. Mwajabu akacheka kidogo. Wakanywa. Shomari akamkanyaga Mjomba mguu chini ya meza, kwamba sema. Mjomba akamnong'oneza, "Hajala bado. Supu si chakula."

Wakangoja tena. Saa nane kila mtu akaletewa sahani pana kama ungo, na katikati yake kamba mmoja amelala juu ya jani. Mwajabu akamkata kamba wake vipande sita, akala kimoja kimoja. Shomari akakanyaga tena. Mjomba akanong'ona tena, "Hajala bado. Huyo ni mdudu mmoja."

"Saa zinakwenda, Mjomba."

"Basi sema wewe."

Shomari akafungua mdomo, akamwona mkewe akipapasa pindo la kitambaa alichokishona, akaufunga.

Hapo ndipo simu ikatetemeka ndani ya pochi. Riziki akachungulia. Ulikuwa ujumbe kutoka Msata, wa Bi Sauda, mama mkubwa wa Mwajabu: "Mwanangu, tunamwosha mama yako. Kama mko njiani nijibu, niwaombe wanaume wangoje, umwone uso." Riziki akausoma mara mbili. Ajibu nini? Aandike wako njiani, na hali wako mezani? Huo si uongo? Akaogopa kuandika uongo, yeye ambaye uongo wa mtandao alishausema bila kuogopa. Akaifunga pochi.

Saa nane na nusu kikaja chakula chenyewe, wali kiasi cha ngumi moja na kipande cha samaki. Mwajabu akala taratibu, punje kwa punje. Alipomaliza, Shomari akasimama. "Twendeni sasa."

"Kaa, mume wangu," Mwajabu akasema. "Nataka chai."

"Chai utakunywa nyumbani."

"Nataka ya hapa."

Chai ikaja baada ya robo saa. Akaikoroga mpaka ikapoa, wala hakuionja. Ndipo Mjomba akajifuta mdomo kwa kile kitambaa, akasema, "Mwanangu, mama yako ametangulia."

Mwajabu hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa chake mara nne, akainuka.

Walipofika Msata ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Njiani wakapishana na wanaume wanne wamebeba jeneza tupu, wanalirudisha msikitini.

Mwajabu akakaa Msata siku arobaini. Hakurudi kwa mumewe, hakumsemesha yeyote kati ya wale watatu. Siku ya arobaini, hitma ilipokwisha, Bi Sauda akawakusanya chumbani mwa marehemu.

"Mtoto wangu hakumwosha mama yake wala hakumwona uso," akasema. "Sitaki mtawanyike na jambo hili. Mwenye kosa kubwa aombe radhi wa kwanza, wengine wamfuate."

Shomari akasema, "Mimi nilisema ale kwanza. Lakini sikusema kamba mmoja aliwe nusu saa. Na mwenye haki ya kutoa habari ni Mjomba, si mimi."

Mjomba akasema, "Mimi nilishika desturi niliyokuta. Supu kikombe kimoja hata kwa mgonjwa hatuiiti chakula. Nani alitupeleka kwenye nyumba ambayo mtu hushiba jioni?"

Wote wakamgeukia Riziki. Siku arobaini alikuwa akiinuka kwenye mswala bila kujua kama swala yake imefika. Bi Sauda alidhani ule ujumbe haukufika, na wengine hawakujua habari zake, maana Riziki aliufuta mwenyewe kabla ya kuirudisha simu. Angeweza kunyamaza. Akasema, "Bi Sauda, ujumbe wako niliusoma mimi. Sikukujibu, kisha nikaufuta. Mungu anajua, na sasa mmejua."

Bi Sauda akashika kifua. "Mwanangu, wanaume walikuwa tayari kungoja hata magharibi. Walingoja neno moja tu."

Riziki akajiinua apige magoti, lakini Mwajabu akamshika mkono.

"Ngoja, wifi. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu Mjomba alipokaa. Mama yangu angekuwa hai, angekuja kwenye kile kiti hata kwa kutambaa. Nikamkata kamba vipande sita. Nikaagiza chai nisiyoitaka. Nilisema moyoni, maadamu hawajatamka, bado nina mama."

Akakitoa kile kitambaa, bado kimekunjwa mara nne, akakiweka juu ya kitanda cha marehemu. Wale wanne waliokaa mezani wakawa wanakitazama, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Basi nyinyi mliosikia, hukumuni. Mume aliyepanga, Mjomba aliyengoja chakula chenyewe, wifi aliyefuta ujumbe, na binti aliyejua akanyamaza. Je, nani alistahili kupiga magoti wa kwanza, na ampigie nani?