Nusu Diwani wa Mtaa wa Vyungu

Hapo zamani, siku ya Jumatano, mwezi ishirini na saba Rajabu, saa mbili na robo ya asubuhi, maana kivuli cha mnara kilikuwa kimekwisha kuuacha mlango wa soko na hakijakigusa kisima, baraza la jimbo la Vumbuni lilifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu watu waruhusiwe kupiga kura. Na mtu mmoja aitwaye Ngwali alikuwa amesimama nje ya ukuta wa baraza hilo, mwili umepakwa mafuta ya nazi, akijiuliza kama jioni atakuwa bado na kichwa.

Ngwali huyu alikuwa fukara. Kazi yake ilikuwa kukanyaga udongo kwa miguu ili wanawake wa Mtaa wa Vyungu wapate kuufinyanga, na ujira wake ulikuwa chakula cha mchana pamoja na utani mwingi. Hakuwa na shamba wala mbuzi. Alichokuwa nacho ni miguu miwili mipana na ulimi usiojua kutulia.

Basi ilikuwaje mtu kama huyo akawa na shughuli barazani? Zamani za nyuma, mtaa uliokuwa na watu wengi ndio uliochukua viti vyote, na mitaa mingine ikabaki kusikiliza mlangoni. Manung'uniko yakazidi, hata Sultani Zubeiri, ambaye alipenda sheria mpya kama mtoto apendavyo ngoma, akatangaza ya kuwa kila mtaa utapata viti kwa kadiri ya kura zake. Kura ilikuwa kokoto, na kila mtu akaitia yake katika mtungi wa mtaa wake. Kokoto mia zilipata kiti kimoja cha mpingo. Naye Sultani akaapa hadharani, mkono juu ya msahafu, kwamba haitapotea hata kokoto moja.

Kokoto zikahesabiwa. Mtaa wa Ngome, wakaako matajiri, ukapata mia nne. Mtaa wa Soko ukapata mia nne vilevile. Mtaa wa Vyungu, pamoja na wagonjwa waliobebwa kwa vitanda kuja kupiga kura, ukapata hamsini.

Alipozisikia hesabu hizo, Waziri Badiri alifurahi sana. Alikuwa akilitamani shimo la udongo la wafinyanzi, alifukie, apate uwanja wa kukimbizia farasi wake. Bila shimo hilo hakuna chungu, na bila chungu mtaa mzima ungefunga virago. Madiwani wanne wa Ngome walikuwa upande wake. Wanne wa Soko, ambao watu wao waliuza vyungu hivyo, walikuwa kinyume naye. Na kura zikilingana, neno la Waziri ndilo lililokata. Kwa hiyo alihitaji jambo moja tu, nalo ni kwamba Mtaa wa Vyungu usiingie barazani.

Akaenda kwa Sultani, akapiga magoti, akasema, "Maulana, uliapa, na kiapo chako hakina budi kutimia. Wape watu wa Vyungu nusu kiti, ndiyo haki yao. Lakini nusu kiti ni cha nusu mtu. Akiingia mtu kamili atakuwa ameiba nusu isiyo yake, na mwizi wa kiti cha Sultani hukatwa kichwa."

Sultani, aliyekuwa mwepesi wa kupendezwa, akaona jambo hilo ni la kuchekesha, akalitia muhuri. Seremala akaitwa, akakipasua kiti katikati kwa msumeno. Na kwa kuwa kiti chenye miguu miwili hakisimami, akakiegemeza ukutani, chini ya dirisha.

Mbiu ilipofika Mtaa wa Vyungu, watu wakainamisha vichwa. Mmoja akashauri apelekwe mtoto, wakamwambia mtoto naye ana viungo vyote. Mwingine akamtaja mzee Mwinjaka, aliyekuwa na mguu mmoja; mzee akajibu kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwaambia watu yeye si nusu, wala hataanza kuwa nusu leo kwa ajili ya Waziri. Ngwali alikuwa shimoni, udongo umemfika magotini. Akauliza hicho kiti kimewekwa wapi. Wakamwambia. Akakanyaga kidogo, akafikiri, kisha akasema yu tayari kwenda yeye, ila anataka mafuta ya nazi kibuyu kimoja na wanawake sita wenye nguvu za mikono.

"Ngwali mwanangu," akasema Bi Kazija, mkubwa wa wafinyanzi, "ukifa, nani atatukanyagia udongo?"

"Ndiyo maana, bibi, miguu ninawaachia."

Basi ikawa Jumatano, saa ile niliyoitaja. Madiwani wanane wameketi, Sultani yuko juu ya zulia lake, na Waziri amesimama mlangoni pamoja na mwenye upanga. Mlangoni hakuingia mtu. Dirishani kikatokea kichwa, yakafuata mabega yanayong'aa mafuta, kikafuata kifua, likafuata tumbo. Na kiuno kilipofika juu ya kizingiti, Ngwali akakoma hapo hapo, akaweka viwiko vyake juu ya nusu kiti, akatoa salamu kwa adabu zote.

Waziri akaamuru akamatwe. Ngwali akasema, "Waziri, kabla hujanikata kichwa, nihesabie miguu."

Mwenye upanga akainama, akachungulia chini ya kiti na nyuma yake, akarudi kueleza kwamba mtu huyu, kwa upande wa ndani, hana miguu. Akatumwa nje. Huko akaikuta miguu miwili inaning'inia ukutani, ina udongo mpaka magotini, na wanawake wameishika, watatu kwa kila mguu. Akauliza ni ya nani.

"Ni yetu, mwanangu," akajibu Bi Kazija. "Haikuchaguliwa, ndiyo sababu haikuingia."

Ikaletwa kamba, Ngwali akapimwa ndani na nje. Sehemu ya ndani ikazidi kwa unene wa kidole, naye akaomba radhi kwamba hizo ni nywele, hakupata pesa ya kinyozi. Sultani akauficha uso wake kwa ncha ya kilemba.

Waziri hakushindwa upesi. Akaagiza sahani ya halua, akaiweka sakafuni, mbali kidogo na mikono ya Ngwali, akamkaribisha kwa sauti tamu ajisogeze, maana diwani hanyimwi chakula. Ngwali alijua ni mtego. Lakini harufu ya hiliki na samli ilimwingia puani, naye hakuwa ameonja halua tangu harusi ambayo hakualikwa. Mkono ukanyooka. Bega likaufuata mkono, tumbo likalifuata bega, na yale mafuta ya nazi yakafanya kazi ambayo hayakutumwa.

Nje, wanawake wakaona visigino vinawaponyoka.

"Ngwali anahongwa," akasema Bi Kazija, na wote sita wakavuta kwa pamoja.

Ngwali akarudi kwa kasi hata kidevu kikagonga nusu kiti, na baraza zima, Ngome na Soko, wakaangua kicheko. Waziri, amekasirika, akaita kura palepale. Wanaotaka shimo lifukiwe wakainua mikono, wakawa wanne. Wasiotaka wakainua, wakawa wanne. Akafungua kinywa kutangaza kwamba zimelingana, ndipo akaona kwamba Ngwali amesimamisha mkono kuanzia kiwiko, na sehemu ya juu ya mkono ule imelala juu ya kiti.

"Nusu mkono kwa nusu kiti," akasema Ngwali. "Kwa hiyo ni wanne na nusu."

Waziri akasema nusu si kitu, haihesabiwi.

"Maulana," akasema Ngwali, "ndani ya nusu hii mna kokoto hamsini. Muulize Waziri anataka zipotee ngapi."

Sultani akaacha kucheka. Akautazama mkono wake mwenyewe, ule alioapa nao. Kisha akasema kwamba wanne na nusu ni wengi kuliko wanne, na shimo halitafukiwa. Akiisha kusema hayo kicheko kikamrudia, hata kilemba kikamdondoka, akamwambia Ngwali aingie ndani, atapewa kiti kizima.

Ngwali akakataa. "Maulana, nikikaa humo na miguu yangu yote, nani atanivuta siku halua itakapoletwa tena?"

Sultani akawatazama wale madiwani wanane, waliokunja miguu yao kwa raha chini ya viti, mahali ambapo hapana mtu wa kuigusa. Kisha akawaita waashi, akaamuru yatobolewe madirisha manane.

Ikawa tangu kikao kilichofuata kila diwani akining'inia dirishani, miguu yake mikononi mwa waliomtuma. Vikao vikawa vifupi, na hapana aliyesinzia. Waziri naye alitobolewa dirisha lake. Ila, kwa kuwa hakuchaguliwa na mtu, hakupatikana wa kumshika miguu, akawa kila akiinama kusema neno huporomoka kichwa chini mpaka zuliani. Baada ya mara ya tatu akaomba akapumzike shambani.

Wako wasemao kwamba haya yalitokea siku ya Alhamisi. Hao wamekosea, maana Alhamisi kulikuwa na gulio, na wafinyanzi wasingeacha gulio. Wako wasemao kwamba Ngwali alikatwa kweli vipande viwili. Si kweli, alizikwa mwili mmoja, katika kaburi moja, tena akiwa mzee. Na wale wasemao kwamba sahani ile ya halua aliimaliza peke yake, wamekosea kupita wote: kikao kilipokwisha alisogezewa, akala nusu, na nusu ikapitishwa dirishani, wakaila waliomshika miguu.