Orodha ya Kunguru na Chuo cha Muhanga

Paukwa!
Pakawa!
Na ninyi watu wazima mliojibanza kule nyuma?
Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama waliposomesha watoto wao biashara, Kanga alikuwa na chuo kando ya njia ya sokoni. Alifundisha kupanga bei, kusema na mteja, na kupata hasara bila kulia. Alifundisha vizuri. Lakini raha hakuwa nayo.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na chuo cha Nungunungu. Nungunungu ana ukumbi, Kanga hana. Nungunungu ana mahafali yenye ngoma, Kanga ana vumbi. Makofi yakilia kule, pa! pa! pa!, mate yalimgeuka Kanga kinywani yakawa shubiri.

Kila mwaka Kunguru alitangaza orodha ya vyuo bora. Vyuo vyenyewe vinne tu. Mwaka jana wa kwanza Nungunungu, wa pili Pimbi, wa tatu Kanga, wa mwisho Muhanga, yule mpole mchimba mashimo.

"Orodha gani hiyo!" Kanga alifoka. "Kunguru hajakaa darasani hata siku moja!"

"Mama, ungekuwa wa kwanza ungeibandika mlangoni," alisema binti yake, Madoa. "Mimi mwaka huu naanza chuo. Nakwenda chuo cha kwanza, kiwe cha nani."

Moyo wa Kanga ukafanya ti! Mwanawe? Kwa Nungunungu?

Siku ya pili Kunguru akatua, puu! "Bi Kanga, mwaka huu mtapimana wenyewe, wakuu wa vyuo. Nipangie vyuo vya wenzako. Chako usikitaje."

"Wewe hutakwenda kuvikagua?"

"Mabawa ninayo. Muda sina."

Kanga akawaza. Nungunungu? Mkiani! Pimbi? Siku hizi anasifiwa mno, asogee. Akabaki Muhanga. Muhanga nani amwonee wivu?

"Wa kwanza Muhanga," akasema. "Chuo kitulivu kile. Kina nidhamu."

Kunguru akaandika, kwaru kwaru, akaruka.

Siku ya kutangaza ikafika. "Wa kwanza," akalia Kunguru, "Chuo cha Muhanga!"

"Orodha ya uongo!" Nungunungu akang'aka.

"Mbona mwaka jana ilikuwa ya kweli?" akauliza Pimbi.

"Mwaka jana nilikuwa wa kwanza!"

"Mmesema wenyewe," Kunguru akajibu. "Wote watatu mmempa Muhanga. Yeye tu ndiye sikumkuta."

Kanga alicheka njia nzima. Nungunungu kaanguka! Akafika nyumbani. Madoa hayupo. Akaingia darasani. Hamna mwanafunzi hata mmoja.

Akakimbia, tifu tifu tifu, mpaka kwa Muhanga. Watoto wa vyuo vyote wamepanga foleni mbele ya shimo. Wa kwanza Madoa, na kifurushi chake.

"Taratibu, mama. Mkuu wa chuo amelala."

Kanga akachungulia. Utando wa buibui. Mchwa, chakula chake Muhanga, walikwisha tangu kiangazi, na Muhanga akahamia mbali.

"Twende, mwanangu. Hapa hakuna chuo."

"Wivu huo, mama! Wakuu wa vyuo wenyewe wamekichagua."

"Mimi ni mmoja wao."

"Basi ulikichagua kwa nini?"

Kanga akageuka. Nungunungu naye kafika kuwatafuta wake, kasimama pale pale, masikio wima. Bora ardhi ipasuke! Lakini Madoa alikwisha kuingiza mguu shimoni.

"Nilikichagua," Kanga akasema, "kwa sababu cha Nungunungu ni kizuri, na uzuri wake unaniunguza."

Miiba ya Nungunungu ikalala. "Nami nilikuweka wa mwisho, Bi Kanga. Wateja wanawapenda wanafunzi wako kuliko wangu."

"Sasa niende wapi?" Madoa akauliza.

"Kaa siku moja kwangu, siku moja kwake," Kanga akajibu. "Kisha chagua."

Madoa akakaa siku moja kwa mama, siku moja kwa Nungunungu. Akachagua kwa Nungunungu. Kanga alimfungia kifurushi mwenyewe. Kilimuuma, jamani, lakini alikifunga vizuri.

Basi sikilizeni: usiipime kazi ya mwenzako huku wivu umekukaa kooni, kwa maana watakaopotea ni watoto, na wako yumo. Wala usiifuate orodha ya asiyekwenda kutazama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kuipanga na za wenzangu, azisikilize kwanza zote.