Tiketi Moja ya Kanyabwera

Hapo zamani, ila si zamani ya kuwachosha, mji wa Kanyabwera ulikuwa na uwanja wa ndege usio na ndege. Kila mwezi meneja wake, Bwana Rwegoshora, aliandika ripoti: "Zilizotua, hakuna. Zilizoruka, hakuna." Akaigonga muhuri.

Siku moja shirika la ndege za nauli nafuu likatuma mjumbe. Akasema, "Tutajaribu mara moja. Tusilipe ada ya kutua. Viti vijae. Na ndege ikae chini dakika ishirini na tano, isizidi. Jambo moja likikosekana, haturudi."

Watu wakatazamana. Kanyabwera kumsindikiza msafiri huchukua asubuhi nzima.

Rwegoshora akafuta ada. Mshahara wake ungetoka humo siku ndege zikija, ukafutika nao.

Kokushubira alikuwa mkata tiketi wa basi la kaka yake. Akasimama kituoni akasema, "Jamani, leo pandeni ndege." Viti vikajaa. Basi likaondoka na dereva peke yake. Kaka akaliuza, akahamia mji wa mbali inakokwenda ndege, na simu ya dada yake hapokei.

Mzee Byabato alimleta bintiye Alinda, anayekwenda kuolewa mbali. Nyuma yao ndugu thelathini walingoja zamu ya kuaga. Dakika ya ishirini na nne, mzee alikuwa bado anataja mababu, baraka zenyewe hajazifikia. Akatazama saa.

"Nenda, mwanangu."

"Baba, hujamaliza."

"Nenda!"

Ndugu thelathini wakapunga mkono kwa pamoja. Ndege ikaruka. Mzee akalia mbele za watu, wala hakujificha.

Shirika likaridhika, likaanza kuja kila wiki. Likaleta na tiketi moja ya bure, kwenda na kurudi, ya mtu aliyeileta ndege. Jina likishaandikwa, halibadilishwi.

Rwegoshora akasema, "Bila ada kufutwa isingetua. Miaka kumi na tisa naongoza uwanja, ndege sijawahi kuipanda."

Kokushubira akasema, "Ingetua ikaondoka tupu. Mimi nimempoteza kaka. Nataka nikamwangukie miguuni."

Mzee Byabato akasema, "Ningemaliza maneno yangu, isingerudi tena. Mwanangu ameolewa bila baraka zangu. Nataka nikammalizie."

Wote watatu wamesema kweli, na fomu ya tiketi bado iko wazi mezani. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: je, nani anastahili kuandikwa?