Ugonjwa Siuungami

Hii ikikufikia, isome mpaka mwisho ndipo umtumie mwenzako.

Mwalimu Nakijwa aliongoza kwaya ya kanisa moja huko milimani Upare. Mwaka mmoja mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akishika kikombe, chai inamwagika. Akiuinua kuongoza wimbo, waimbaji wanapoteana, hawajui waanze au wasubiri.

Mzee wa kanisa, Mbonea, akamsimamisha mbele ya waumini.

"Mkono hautetemeki bure," alisema. "Mwalimu, ungama ulichofanya, tukuombee."

Nakijwa akamtazama usoni. "Dhambi zangu nitaziungama, Mzee. Ugonjwa siuungami."

Akavuliwa uongozi siku hiyohiyo.

Hakulia. Alipanda basi akaenda hospitali ya rufaa mjini. Daktari akamwambia hana pepo wala laana. Ubongo wake ulikuwa ukiupelekea mkono amri ovyo, basi. Kulikuwa na tiba waliyokuwa bado wakiijaribu: mashine ya sumaku inayowekwa juu ya kichwa na kuuchochea ubongo kutoka nje, bila kisu wala sindano.

"Itaniponya?"

"Siwezi kukuahidi. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati."

"Washa."

Mashine ikamgonga kichwani, tk, tk, tk, kama ncha ya kidole. Akarudi tena na tena. Kijijini wakasema anachomwa umeme, atarudi kichaa. Wengine walivuka njia wasikutane naye. Naye aliwasalimia hivyohivyo, kwa sauti kubwa, kila mtu kwa jina lake.

Nafuu ikaja, lakini nusunusu. Siku nyingine kikombe kilitulia, siku nyingine mkono uliasi.

Ikafika sikukuu ya mavuno, kwaya haina wa kuiongoza. Nakijwa akatembea katikati ya kanisa hadi mbele, bila kuitwa.

"Nani amekuruhusu?" Mzee Mbonea akafoka. "Mkono bado unatetemeka, sote tunauona!"

"Basi uoneni vizuri," akajibu, akauinua juu. "Kwaya, tuimbe."

Wakaimba mpaka vikongwe wakasimama.

Wiki hiyo Mzee Mbonea akamjia nyumbani, akapitia mlango wa nyuma. Nakijwa akajiandaa kwa ugomvi. Mzee hakugomba. Alitoa mkono wa kushoto ndani ya koti. Ulikuwa ukitetemeka kuliko wa Mwalimu.

"Mwaka wa pili huu," akanong'ona. "Hata mke wangu hajui. Ile mashine... inauma?"

"Haiumi, Mzee. Kinachouma ni kusimamishwa mbele za watu."

Mzee akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe, na hospitali nitakupeleka. Lakini Jumapili utauinua mkono huo mbele ya walewale uliowaambia kwamba wangu una dhambi."

"Watanicheka."

"Mimi sitacheka."

Jumapili Mzee Mbonea akasimama, akavua koti, akauinua mkono. Ulitetemeka mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyecheka. Kisha, kwenye benchi la mwisho kabisa, mama mmoja muuza ndizi akainua wa kwake, nao ukitetemeka.

Funzo: Ugonjwa si dhambi, usiuinamie kichwa. Tafuta tiba mchana kweupe, na anayekuhukumu leo usimfungie mlango, huenda kesho akahitaji umwonyeshe njia.