Mshenga Aliyekataa Kushuka Garini

Mkalia doa hushuka nalo.

Mmeisikia sasa hivi, Bi Mwamvita alipomwambia mjukuu wake Zena, ambaye hadi dakika hii amesimama wima kama askari wa gwaride, mgongo wake ukiziba kioo cha dirisha alichokipasua kwa mpira. Mlicheka kwanza, ndipo mkauliza imetoka wapi. Swali ni jema, na jibu lake lina kiti ndani yake, kwa hiyo kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Hapo zamani Ujiji palikuwa na mshona kofia aitwaye Sudi Mahanga, mtu mpole mwenye maneno matamu. Mpwa wake Yasini alipompenda Mwamvita wa Uvinza, ukoo ulikaa ukamteua Sudi awe mshenga. Asubuhi alipoteuliwa alikuwa Sudi yule yule. Kufikia jioni alikuwa akitembea kama waziri.

Yasini alikwisha kukataliwa nyumba nyingine, na alisema wazi kwamba Uvinza wakikataa, yeye hatapeleka posa tena popote. Alfajiri ya safari aliwasha mwenyewe mkaa wa pasi, akainyoosha kanzu nyeupe ya mjomba wake mpaka ikakaribia kusimama bila mtu ndani.

"Mjomba, nakutegemea," alisema, akamvisha kama anayemvisha mtoto siku ya Idi.

Gari lilikuwa la Zuberi, kaka wa mke wa Sudi. Viti vyake vilikuwa vya ngozi, rangi ya maziwa. Zuberi wakati huo hakuwa amejaliwa watoto. Alikuwa amejaliwa viti. Abiria alikung'uta miguu kwanza, akakung'uta na nguo, ndipo akaruhusiwa kuketi. Karanga hazikuliwa ndani ya gari lile hata na mgonjwa.

"Shemeji, hilo dumu la mawese ni la kwenye buti," alisema Zuberi.

"Na liende kwenye buti," alijibu Sudi kwa heshima zote.

Lakini dumu lilizibwa kwa gunzi la muhindi, na Sudi hakutaka zawadi ya wakwe ifike nusu. Zuberi alipozunguka kukagua matairi, mshenga aliingia kiti cha nyuma na dumu lake, akaliweka ubavuni na kulifunika kwa koti.

Katikati ya njia tairi lilipasuka. Zuberi akatoa jeki.

"Shuka kidogo, shemeji, gari liwe jepesi."

"Mshenga hashuki njiani," alisema Sudi, mkono juu ya koti.

Basi Zuberi akalipandisha gari na mshenga wake. Upande mmoja ukainuka, mwingine ukainama, dumu likainama pia, na gunzi likachomoka. Sudi aliliwahi, lakini mawese ni mepesi kuliko mshona kofia. Doa lilikuwa dogo, upana wa kisahani cha kahawa, jekundu, limetulia juu ya ngozi ile ya maziwa kana kwamba limealikwa.

Angeliacha, au angesema, mngekuwa mnasikia hadithi nyingine sasa hivi. Alilipangusa kwa leso, kisahani kikawa sahani. Akamimina maji ya kunywa. Maji na mawese hayajapata kuelewana. Akakumbuka kichupa chake cha marashi, akakimimina chote. Mwisho akatoa msuwaki mfukoni, ule wa kusugulia meno, akasugua kama anayetafuta kitu upande wa pili. Alipoinua kichwa, sahani ilikuwa sinia, lina mikwaruzo katikati na linanukia kama bwana harusi.

Zuberi alikuwa anafunga buti. Sudi akalitazama doa, akaitazama njia, kisha akafanya jambo ambalo watu wengi wenye vyeo wamelifanya kabla yake na baada yake. Alilikalia.

Safari yote iliyobaki alikaa bila kutikisika, huku akihisi uvuguvugu ukimpanda polepole.

Uvinza walikuta mikeka imetandikwa na kahawa iko motoni. Mwamvita alilelewa na bibi yake, Bi Kashindi, na bibi huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba ile, na mara nyingi la kwanza pia. Zuberi akafungua mlango wa nyuma, akaushikilia.

"Shuka, mshenga."

"Tangulia, shemeji, nakuja."

"Tangu lini dereva akamtangulia mshenga? Shuka."

"Miguu imekufa ganzi."

"Nikubebe?"

"Utakiona cha moto."

Zuberi hakuondoka mlangoni. Sudi alipiga hesabu. Akishuka, Zuberi ataona kiti, atalia mbele ya wakwe, na posa itageuka msiba wa ngozi. Asiposhuka, je? Hesabu haikufika huko.

Wazee wakamletea kahawa garini. Akainywa, akakisifu kikombe. Wakamwita mara nyingine, akasema anamalizia uradi wake. Alipoona minong'ono inaanza, aliuvuta mlango ukafunga, akatoa kichwa dirishani, akakohoa, akaanza posa:

"Hodi wenye nyumba. Tumepita, tumeona ua katika bustani yenu..."

Bi Kashindi akatoka jikoni, upawa mkononi.

"Mjukuu wangu si karanga, baba. Haulizwi bei dirishani."

"Mama yangu, nisamehe, ni kwamba..."

"Kwetu mshenga huvua viatu, akakaa chini tulipokaa. Asiyetaka kukaa nasi amekuja kututazama tu. Umekwisha kututazama. Geuzeni gari lenu."

Na alipogeuka kurudi jikoni, hakugeuka kwa mchezo. Hata Zuberi, aliyekuwa akitabasamu tangu walipofika, tabasamu lilimtoka.

Sudi aliona moyoni pasi ya mkaa. Alimwona Yasini akiipuliza, macho yamejaa majivu, akisema anamtegemea. Akavua viatu, akafungua mlango. Akashuka kinyumenyume, uso wake ukimwelekea Zuberi, kwa hesabu kwamba Zuberi ndiye asiyepaswa kuona.

Kwa hiyo mgongo uliielekea nyumba yote. Na pale kanzu nyeupe ilipokunjika kwa kukaliwa palikuwa na duara jekundu, limekamilika, kama jua linalozama Ziwa Tanganyika.

Ndani, nyuma ya pazia, msichana mmoja alicheka, akajiziba mdomo, akashindwa.

"Shemeji," alisema Sudi, "nimemwaga mawese kwenye kiti chako. Nikayasugua, yakakua. Nikayakalia."

"Najua," alisema Zuberi. "Tangu kwenye jeki. Gari zima linanuka mawese yaliyopakwa marashi. Nilitaka nione utayakalia mpaka lini."

"Na watoto wanaotaka kuoana je?" aliuliza Bi Kashindi, aliyekuwa amerudi. "Mmoja wenu anaficha doa, mwingine anamshikia mlango ili amcheke, na posa inakufa katikati yenu."

Zuberi akatazama chini. "Hilo sikuliwaza, mama. Utani ulinizidi."

Bi Kashindi aliizunguka kanzu, akaikagua kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mkalia doa hushuka nalo," alisema taratibu, akaingia ndani.

Alirudi na ungo wa unga wa muhogo na kitenge. Unga aliumwaga juu ya kiti mpaka wekundu ukapotea.

"Asisugue mtu. Mafuta hunyonywa, hayapigwi. Yaacheni mpaka tumalize kula."

Kitenge alimpa Sudi. Kilikuwa na picha za kuku na vifaranga. Sudi akajifunga, akaketi mkekani, akaitoa posa ya Yasini, na waliokuwapo wanasema hajapata kuongea vizuri kama siku ile. Labda ni kwa sababu hakubakiwa na cheo chochote cha kulinda.

"Watu wenu hawajui kuficha," alisema Bi Kashindi mwishoni. "Vizuri. Nyumba inayojua kuficha ndiyo ninayoiogopa. Mwamvita aulizwe."

Kwa desturi, binti akinyamaza amekubali. Mwamvita hakunyamaza, alikuwa bado anacheka. Wazee walilijadili jambo hilo kwa uzito wake, wakaamua kwamba kicheko cha namna ile ni kimya kilichoshindwa kujizuia.

Unga ulipopanguswa ulikuwa mwekundu, na kiti kilirudia weupe wake, isipokuwa pale msuwaki ulipokwaruza. Pale hapakupona. Siku ya harusi Zuberi alimfungulia bibi harusi mlango wa mbele. Mwamvita akaenda nyuma, akakaa juu ya mikwaruzo ile ile, akasema hicho ndicho kiti kilichompa mume. Na kila Sudi alipopanda gari lile, mpaka uzee, alikikagua kiti kwanza, na alipofika aligeuka ili Zuberi amkague mgongo.

Basi, inukeni. Nendeni mkamwambie Zena aondoke dirishani. Bibi yake hana hasira. Anamsubiri tu, kama Zuberi alivyosubiri, na gauni la mtoto limekwisha kunasa kwenye kioo tangu tulipoanza.

Mkalia doa hushuka nalo.