Jemadari Papa na Posho ya Ulinzi

Paukwa!

—Pakawa!

Hamjala leo? Itikieni kama watu! Paukwa!

—PAKAWA!

Naam. Nina neno mdomoni, limetoka majini, lina chumvi.

—Liteme tulionje!

Haya. Palikuwa na hori, mkono mwembamba wa bahari ulioingia ndani ya mikoko. Humo waliishi mikizi, samaki wasio na makuu, na kaa wa matope aliyeitwa Kombo. Jina Kombo, mwendo kombo, na akili, mh, akili ndiyo usiseme.

Siku moja maji yakavimba mlangoni mwa hori, vuu! Akaja Papa kutoka kilindini, na nyuma yake jeshi la chuchunge, midomo mirefu kama mikuki. Hodi hakupiga. Aliimba tu:

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Nanyi itikieni, msinikodolee macho.

—Apone!

"Nimekuja kuwalinda," akasema. "Hali ni tete."

Mama Mkizi akashtuka. "Tete? Nani kaugua tetekuwanga?"

"Hali ya usalama, mama! Kuna adui."

"Adui gani?"

"Hajulikani."

"Yuko wapi?"

"Hajulikani. Ndiyo maana ni hatari!"

Mikizi wakatazamana. Adui hawajamwona hata mkia, lakini wakaogopa vilevile. Papa akafumbua kinywa, nyaku! Mtoto mmoja wa Mama Mkizi hayupo.

"Mwanangu!"

"Posho ya ulinzi hiyo, mama. Askari hali upepo."

Asubuhi yake wimbo uleule: mgeni njoo, mwenyeji apone!

—Apone!

Nyaku! Jioni, mgeni njoo. Nyaku! Watoto wakaisha mmoja mmoja, na adui hajaonekana. Mama Mkizi akabaki na mmoja tu, akamficha kwenye mizizi ya mikoko, kisha akamwendea Kombo analia.

"Kombo ndugu yangu, huyu mgeni tumfukuzeje? Nimebaki na huyu tu."

Kombo akasugua gando kwa gando. "Mgeni hafukuzwi, dada. Mgeni anakaribishwa ndani."

Akaenda upande upande mpaka kwa Papa.

"Shikamoo, Jemadari."

"Marahaba. Umeleta posho?"

"Nimeleta habari. Adui ameonekana."

Papa akaruka. "Ameonekana? Nani kamruhusu?"

"Yuko mwisho wa hori, ndani kabisa. Na mikizi wanasema, kama Jemadari anaogopa kuingia, watatafuta mlinzi mwingine."

"Mlinzi mwingine! Na posho yangu ale nani? Twende!"

Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamejaa mpaka yanagusa majani ya mikoko. Papa akaingia kwa kujibana, chubwi, chubwi, chuchunge nyuma yake, Kombo mbele. Wakafika mwisho wa hori.

"Adui yuko wapi?"

"Anakuja."

Wakangoja. Maji yakaanza kupwa, chwaa.

"Kombo, mbona tumbo langu linagusa matope?"

"Ndiyo dalili zake, Jemadari."

Chwaa. Chuchunge ni wepesi bwana, wakateleza na maji, srrr, hata kwaheri hakuna.

"Jeshi langu liko wapi?"

"Limekwenda kulinda mlango."

Chwaa. Mgongo ukatoka nje, jua likaupiga. Maskini Papa! Kilindini maji hayaendi popote. Mtu wa kilindini hajui kupwa wala kujaa, alidhani bahari ni mali yake, akiwepo yeye nayo ipo. Akalala ubavu, anahema.

"Kombo, maji yameenda wapi?"

"Yamekwenda kwao, Jemadari. Huku kwetu hata maji yakija, huaga yakaondoka."

"Na adui?"

"Hajulikani. Ndiyo maana ni hatari."

Kombo akagonga magando, kachu, kachu! Kila tundu la matope likatoa kaa. Wakaja upande upande, kachu kachu kachu, wanaimba: mgeni njoo, mwenyeji apone!

—APONE!

"Jamani, mimi mlinzi wenu!"

"Posho tu, Jemadari. Kaa hali upepo."

Maji yaliporudi yalikuta meno.

Ee, siku hiyo mikizi waliruka! Mama Mkizi akamtoa mwanawe mafichoni, akampeleka kwa Kombo kushukuru. Akamkuta amekaa juu ya taya la Papa, tumbo limemjaa. Kombo akamtazama yule mtoto. Akamtazama tena.

"Amenenepa," akasema. "Sikiliza, dada. Papa amekufa, lakini ana ndugu zake. Hali bado tete. Sisi kaa tutawalinda."

"Mtatulinda na nani?"

"Hajulikani," akasema Kombo, na gando likafumbuka polepole.

Mama Mkizi aligeuka papo hapo. Alimsukuma mwanawe mbele, maji yalipoanza kupwa wakatoka nayo, na mikizi wote nyuma yao. Hori ile mpaka leo haina mkizi hata wa dawa.

Hadithi imepwa, imeniacha matopeni. Mimi natoka upande upande.

—Toka salama, tuachie funzo!

Funzo ni hili, na wewe unayecheka huko nyuma ulishike: mlinzi haulizwi anakulinda na nani. Fungua mlango, toa posho, lala usingizi. Mama Mkizi alijifanya mjuaji, akakataa ulinzi, na mwone alivyo sasa. Hana jemadari, hana jeshi, hana mlinzi hata mmoja.

Ana mtoto tu.