Insha ya Kidawa

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe unayesinzia njoo kaa hapa mbele. Hapo zamani za kale, wanyama na ndege walipeleka watoto wao shule moja, na mwalimu wao alikuwa Nguchiro. Kiumbe chenyewe kidogo, ila maneno yake asali.

Bi Mbuni alimwamini kabisa. Mwaka wa nyuma mafuriko yalimsombea mayai yote, akabakiwa na binti mmoja tu, Kidawa. Mwaka huu alikuwa na mayai sita, na hata maji ya kunywa aliyaendea mbio.

Siku moja Kidawa akarudi na kazi ya shule.

"Mama, tumefundishwa kulinganisha. Mwalimu anataka tueleze vitu vya nyumbani, kipi kinakizidi kipi, na kipi kinashinda vyote."

"Umeandika nini?"

"Nyumbani kwetu kuna mayai."

"Basi?" Bi Mbuni akakunja uso. "Mtoto wa Nyati atajaza ukurasa, wewe uniaibishe? Andika mayai yetu ni makubwa kuliko ya ndege wote. Kubwa zaidi ni lile lililo karibu na mgunga. Mchanga wetu ni laini kuliko wa jirani, na njia fupi kuliko zote ni ile ya nyuma ya kichuguu. Andika, mwanangu."

Kidawa akaandika.

Kulikuwa na desturi pale. Insha iliyoshinda ilisomwa siku ya wazazi, na mzazi wa mshindi alikalia kiti cha mbele. Bi Mbuni alikitamani kiti kile mpaka usingizini.

Basi habari zikaja kwamba Kidawa ni wa kwanza. Mama mtu akafukia mayai yake mchangani, akachana manyoya, huyoo akaenda zake shuleni.

Nguchiro akasoma taratibu, kila sentensi mara mbili. Wazazi wakapiga makofi, pa, pa, pa! Nyati alikuwa amenuna.

"Mwalimu, mbona mkeo hatumwoni leo?" Nyati akauliza. "Na shemeji zako?"

"Wana kazi kidogo," akajibu Nguchiro, akaendelea. "'Njia fupi kuliko zote ni ile ya nyuma ya kichuguu.'"

Moyo wa Bi Mbuni ukalia paa! Akatoka mbio, na mnajua mbio za mbuni. Hazikumfaa kitu. Alikuta mayai yote sita yamepasuliwa juu ya jiwe, ute umekauka juani.

Kidawa akafika akihema.

"Mama, ni mimi niliyewaonyesha?"

Bi Mbuni alijua jibu, na lilikuwa chungu.

"Kachote maji," akamwambia.

Na Nguchiro je? Kesho yake alikuwa darasani, ameshiba, anawafundisha watoto wa Kanga somo lilelile.

Basi wajukuu zangu, ukizidiwa na kiu ya sifa, mwizi hana haja ya kukupeleleza, utamwelekeza mwenyewe.